Nyasi za Kikuyu zimelowea Sydney. Mimi je?

Nimekuwa kimya kidogo. Kazi, baridi, na binti yangu aliyeng'oka meno mawili ndani ya wiki moja. Leo nina dukuduku la neno moja tu la Kiingereza, na naomba mnivumilie maana nitalizungusha mpaka lichoke lenyewe.

Neno ni "naturalised".

Jumamosi moja nilikwenda kujitolea kwenye kijito cha jirani na kwetu, huku magharibi mwa Sydney. Vikundi vya namna hiyo hapa ni vingi: watu wa mtaa wanakutana asubuhi, wanagawiwa glavu na vijembe vidogo, wanang'oa magugu ili mimea ya asili ya hapa ipate kupumua. Saa nne mnakunywa chai na biskuti. Nilikwenda na jamaa yangu Mkenya, mzaliwa wa Kiambu, mtu ambaye hajawahi kukataa chai ya bure. Kiongozi wa kikundi ni bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa biolojia, umri wake kama wa mama yangu. Magoti mabovu, lakini anang'oa kuliko sisi wote.

Basi bibi akatuonyesha zulia la nyasi za kijani kando ya maji, akasema kazi yetu leo ni kuondoa Kikuyu. Ng'oeni Kikuyu wote, mkibakiza hata kipande cha shina watarudi!

Jamaa yangu akasimama wima, kijembe mkononi. "Mama," akamwambia kwa heshima zote, "Kikuyu ndiye mimi."

Yule bibi uso ulimwiva. Akaomba radhi mara nne. Jamaa akaangua kicheko, na sisi wote tukacheka, kisha akanigeukia na Kiswahili chake cha Nairobi: "Ndugu yangu, hata Bunnings tunauzwa, tena tumekunjwa kama mkeka." Na ni kweli. Kwa wasiojua, Bunnings ni maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi na bustani, na nyasi hizo zinapatikana huko kama unavyopata misumari.

Nikamuuliza bibi: kama nyasi hizi ziko kila ua, kila uwanja wa mpira, na watu wanazinunua kwa hela yao, mbona hapa tunazing'oa? Bado ni wageni tu? Akanijibu huku ameinama: ah, hizo ni "naturalised" siku nyingi, ila hapa kijitoni ni "invasive".

Wadau, lile neno la kwanza lilinichoma. Sababu ni kwamba kwenye droo yangu kuna fomu ya kuomba uraia wa Australia ambayo nimeijaza nusu, na ina miaka mitatu sasa imelala pale. Nikajisemea, kumbe nyasi zimetangulia! Zimepata kitu ambacho mimi sijathubutu hata kukiomba. Nilirudi nyumbani nimenuna. Baadaye nilikuja kuona nilinuna bure, kwa sababu nilikuwa sijui maana ya neno.

Mimi nililijua neno hilo upande wa watu. Kwetu tuna neno lake zuri kabisa, tajnisi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inataja uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Tajnisi ni mambo ya karatasi. Umeomba, umechunguzwa, umeapa, umepewa. Kuna mlango, kuna mwenye mlango, na kuna siku mlango unafunguliwa. Hapa Australia serikali siku hizi inatumia maneno mengine, inasema uraia wa kutunukiwa, lakini wazee wa Kigiriki na Kitaliano bado wanakwambia mwaka waliokuwa "naturalised" kama wanavyokutajia mwaka wa harusi.

Sasa njoo upande wa mimea. Wanasayansi wenyewe walikuwa wanachanganyana. Huyu akisema mgeni, yule akisema gugu, mwingine mvamizi, na kila mmoja ana maana yake. Mwaka 2000 David Richardson, Petr Pyšek na wenzao wakaandika makala katika jarida la Diversity and Distributions kuyapanga maneno hayo, na wengi wa fani hiyo wameyafuata mpaka leo. Walichopanga ni kama ngazi.

Mmea mgeni ni ule ulioletwa na binadamu, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, mahali ambapo usingefika wenyewe. Hiyo ni hatua ya chini kabisa.

Hatua inayofuata wanaiita "casual". Mmea unaota, unaweza kuchanua, hata kuzaa mara mojamoja, lakini haujisimamii. Usipoletwa mwingine baada ya huu, habari yake imekwisha.

Halafu ndiyo "naturalised". Mmea unazaa na watoto wake wanazaa, kizazi baada ya kizazi, bila binadamu kuupanda, kuumwagilia wala kuulinda.

Na juu ya hapo ni "invasive". Watoto wanafika mbali na wazazi, tena wengi. Waliweka hata vipimo vya kukadiria: zaidi ya mita 100 katika muda usiofika miaka 50 kwa mimea inayosambaa kwa mbegu, na zaidi ya mita 6 katika miaka mitatu kwa inayosambaa kwa mizizi na mashina ya kutambaa. Mita sita kwa miaka mitatu! Mwenye ua wenye nyasi za Kikuyu atacheka. Hizo mita sita kwake ni kiangazi kimoja na nusu, na uzio wa jirani hauhesabiwi.

Hebu soma tena ngazi hiyo utafute kisichokuwemo. Hakuna mahali paliposemwa mmea umekubaliwa. Hakuna ruhusa, hakuna kiapo, hakuna kupendwa. Mmea "naturalised" haujapewa chochote na mtu yeyote. Swali ni moja tu: ukiachwa peke yako, utakuwa na wajukuu?

Hata "invasive", kwa mpangilio huo, inasema kusambaa tu. Madhara ni hesabu nyingine. Ila serikali na mashirika ya hifadhi, pamoja na Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, wao huweka madhara ndani ya maana yenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia mmea fulani ni vamizi, muulize kwanza: unamaanisha unatembea, au unamaanisha unaua?

Nikiwa nasoma hayo nilicheka peke yangu jikoni kwa ajili ya lile neno "casual". Ndugu zangu mlioko Australia mnalijua vizuri. Ndilo neno la ajira ya kibarua: unaitwa kazi ikiwepo, huna likizo ya malipo, na wanakuongezea asilimia 25 juu ya saa kama pole. Nimekuwa "casual" kwenye maghala ya huku miaka minne. Sikujua kwamba hata kwa wataalamu wa mimea ningeandikwa hivyohivyo. Mmea unaochanua kidogo, lakini kila mwaka unasubiri mzigo kutoka kwao: dagaa, unga wa muhogo, kanga za mama. Mzigo ukikatika nao unanyauka.

Makosa ya kutumia neno hili nimeyaona mawili, na yote nimewahi kuyafanya.

La kwanza ni kudhani mmea ukikaa sana unakuwa wa asili. Hapana. Uasili haupimwi kwa miaka, unapimwa kwa namna ulivyofika. Kule kaskazini magharibi mwa Australia, eneo la Kimberley, kuna mibuyu. Ndiyo, mibuyu, matumbo makubwa vilevile kama ya Bagamoyo! Ni ndugu wa mbuyu wetu, na inaaminika asili yao ilivuka bahari bila mkono wa mtu. Basi ule ni mwenyeji kamili. Lakini mjakaranda ulioletwa kutoka Amerika Kusini, ambao ukichanua Oktoba na Novemba Sydney nzima inatoka kupiga picha, utabaki mgeni mpaka kiama. Unapendwa kuliko wenyeji wengi, lakini kupendwa si kigezo.

Kosa la pili ni kudhani kinachopandwa kila mahali ni "naturalised". Chukua muhogo. Kuna Mtanzania anayeweza kufikiri muhogo si wetu? Lakini ulitoka Amerika Kusini, na shamba la muhogo ukiliacha msituni miaka kadhaa, msitu unalimeza. Unaishi kwetu kwa sababu kuna mama anachomeka shina ardhini kila msimu. Kwa hiyo, kwa kipimo cha wataalamu, muhogo tunaouona ndugu ni mgeni anayetunzwa, na lantana tunayoilaani kando ya barabara ndiyo iliyolowea.

Sasa turudi kwa Kikuyu. Nyasi hizi kwao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki: Kenya, Ethiopia, Uganda, kaskazini mwa Tanzania, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo. Jina lao la kisayansi siku hizi ni Cenchrus clandestinus, kabla ya 2010 ziliitwa Pennisetum clandestinum. Hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake yaliyofichika, kwa sababu maua yake yamejificha ndani ya ala za majani. Huyaoni. Unachoona asubuhi juu ya nyasi zilizofyekwa ni nyuzi nyeupe nyembamba kama umande uliogandishwa. Zililetwa Australia mwaka 1919, mbegu kutoka Kongo ya Mbelgiji. Leo ng'ombe wa maziwa wa pwani ya jimbo hili la New South Wales wanazitegemea sana. Marekani, nyasi hizohizo ziko kwenye orodha ya serikali kuu ya magugu hatari. Mmea mmoja, tabia ileile, ila umebadilika mtu anayeutazama.

Hapo kwenye 1919 ndipo nilipoacha kucheka.

Sheria iliyotawala uraia Australia mwaka huo ilikuwa ya 1903, nayo ilisema wazi kwamba mwenyeji wa asili wa Asia, wa Afrika au wa visiwa vya Pasifiki, isipokuwa New Zealand, hawezi hata kuomba tajnisi. Na mlangoni kulikuwa na ile sheria ya uhamiaji ya 1901. Afisa aliweza kukusomea imla ya maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua yeye, ukishindwa unarudishwa. Imla hiyo iliondolewa mwaka 1958. Mwaka 1957 wasio Wazungu waliruhusiwa kuomba uraia baada ya kukaa miaka 15, mwaka 1966 ikashuka hadi mitano, na mwaka 1973 serikali ya Whitlam ikafuta masharti ya rangi yaliyobaki.

Piga picha. Mwaka huohuo mmoja, mbegu kutoka Kongo inapokelewa kwa mikono miwili, na mtu kutoka Kongo haruhusiwi hata kuuliza. Nyasi zikawa "naturalised" kwa maana yao bila kumwomba mtu. Binadamu alizuiwa kuwa "naturalised" kwa maana yake, hata kama angezaa watoto kumi na wajukuu arobaini hapa. Tena neno walilotumia kumzuia lilikuwa "native", mwenyeji! Neno ambalo kwa mmea ni sifa ya kulindwa, kwa mtu mweusi lilikuwa bango la kumzuia.

Ndiyo maana siku hizi nakasirika mtu anapochukua maneno ya bustani kuyavisha watu. Nasikia kwenye redio wahamiaji wakiitwa wavamizi, wanasambaa, wanaota mizizi. Na upande wetu pia nasikia watu wakijitetea kwa maneno yaleyale: "sisi ni kama mijakaranda, tunapendeza, tuacheni." Jamani, tusikubali. Ukikubali kuwa mjakaranda leo, kesho atakuja mwenye msumeno akwambie wewe ni mzeituni.

Mzeituni ninaousema ni ule wa mwituni wa kwetu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyo na ambao Wamasai hutumia mkaa wake kusafishia vibuyu vya maziwa. Uliletwa hapa karne ya 19. Ndege wanakula matunda wanadondosha mbegu, na leo umefunika vilima vya Mount Annan, kusini magharibi mwa Sydney, na kuubana msitu wa uwanda wa Cumberland ambao umebaki vipandevipande. Jimbo limeuorodhesha rasmi kuwa tishio kwa mimea ya asili. Chini ya kivuli chake haioti hata nyasi. Nimeusimamia mwenyewe mmoja ukikatwa, na nilisikia harufu ya mbao yake nikakumbuka kwetu. Lakini nilishika kamba nikavuta. Ule msitu mdogo unaokufa hauna pengine pa kwenda, na mzeituni una Afrika nzima. Kung'oa mmea si kumchukia mtu aliyetoka nchi moja na mmea huo.

Na tusijifanye kwamba sisi tumetumwa mizigo tu bila kupokea. Mikaratusi mnayoiona toka Addis Ababa mpaka Mufindi ni ya Australia. Mgrevilea unaotia kivuli chai na kahawa ni wa pwani ya mashariki ya huku. Miwati ya Njombe na Lushoto ni ya huku pia, na imo katika orodha ya dunia ya viumbe vamizi 100 vibaya kabisa. Tumebadilishana, na hesabu haijafungwa.

Lakini mfano ulionifungua macho uko kwetu Muheza. Juu ya Muheza kuna Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kujaza miti ya kila pembe ya dunia. Kati ya miti iliyosumbua zaidi msitu wa Usambara Mashariki, mmoja haukutoka India wala Brazil. Ni musizi, mti wa Uganda, na kwetu Tanzania ni mwenyeji wa Bukoba! Hondohondo wanapenda matunda yake, wanameza huku wanadondosha kule, na popote msitu ulipokatwa musizi unaingia. Mti una uraia wa Tanzania, kama ni kusema hivyo, lakini Amani ni mgeni, umelowea, na ni vamizi.

Unaona? Mpaka wa nchi kwa mmea si kitu. Bukoba na Amani ni pasipoti moja, lakini ni misitu miwili. Wataalamu wa mimea wanapima msitu, Uhamiaji wanapima karatasi. Kiingereza kimekopesha neno moja kwa ofisi mbili ambazo hazijawahi kuonana.

Ndipo nasema Kiswahili tusikosee kama wao. Tusitafsiri "naturalised" ya mmea kuwa tajnisi, kama nilivyoona mtu amefanya. Tajnisi tuiachie Uhamiaji. Mmea umelowea. Kulowea ni kukaa mahali mpaka ukapafanya kwako, na huhitaji muhuri wa mtu. Mmea mgeni, mmea uliolowea, mmea vamizi. Ngazi yote imepatikana, bila kukopa.

Najua mtanikumbusha kwamba neno lenyewe si safi. Mlowezi kwetu ni yule Mzungu aliyechukua ardhi nzuri ya wenzake, na Uhamiaji wa Tanzania nao huwaita wahamiaji walowezi watu waliovuka mpaka miaka mingi wakakaa bila karatasi. Ni kweli. Lakini naliona hilo kuwa faida. Kulowea hakukuambii kama ni vizuri au vibaya, kunakwambia tu kwamba huyu haondoki. Na huku niliko ni vyema kukumbuka hivyo. Shuleni kwa binti yangu mikutano inaanza kwa kuwataja Wadarug, wenye ardhi hii. Sisi wengine wote, wa meli ya 1788 na wa ndege ya juzi, tumewakuta.

Nimelitoa wapi neno kulowea? Kwa mama. Nilimpigia simu Jumapili ile nikamweleza habari ya nyasi na jamaa yangu Mkikuyu. Akacheka sana. Kisha akanyamaza, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza bei ya mchele: "Na wewe, mwanangu, ndiyo umeshalowea huko?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia mtandao unakatika.

Hali yangu ni hii. Nina kibali cha kudumu cha kuishi hapa, masharti ya miaka nimeyatimiza, ule mtihani wa maswali 20 nimeshaufanyia mazoezi nikaupita. Lakini siku nitakayoapa hapa kwa hiari yangu, sheria ya nyumbani itanivua uraia wa Tanzania, maana uraia pacha kwa mtu mzima haupo. Mwaka 2025 sheria zilirekebishwa kuleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walioko nje. Ni hatua na nashukuru, ila hadhi si uraia. Nitakwenda kumzika mama yangu, Mungu ampe umri, nikiwa na karatasi ya mgeni mwenye heshima. Binti yangu kazaliwa hapa. Kwa sasa ni wa pande zote mbili, na akifika miaka 18 naye atatakiwa kuchagua.

Kwa muda mrefu nilidhani ile fomu ndiyo itakayoamua kama mimi ni wa hapa au wa kwetu. Sasa naona inaamua nusu tu, ile nusu ya tajnisi: kura, pasipoti, foleni ya uwanja wa ndege. Nusu nyingine haina fomu. Binti yangu anaota kwa Kiingereza, anajua ndege wa hapa kwa majina, na kwenye ule mzeituni alisimama mbali akalia kwa sababu kulikuwa na kiota. Hakuna afisa aliyempa hayo. Baba yake bado anasubiri mzigo wa dagaa, yeye hasubiri. Kama kuna aliyelowea kwenye nyumba hii, ni yeye, na imetokea jikoni kwangu nikiwa nahangaika na fomu.

Jumamosi hii tutarudi kijitoni. Jamaa wa Kiambu amesema atakuja na fulana aliyochapisha maandishi "Usining'oe". Bibi kaahidi kuleta keki. Na Jumapili nitampigia mama, nimpe jibu lake. Nadhani nitamwambia: mimi bado, mama, lakini mjukuu wako ndiyo. Nikishasema hivyo kwa mdomo, huenda ile fomu nikaimalizia, au nikaichana. Nitakuwa angalau najua nachana nini.

Wadau mlioko nje, ninyi je? Umeapa, au umelowea, au vyote, au hata kimoja bado? Na mwenye neno zuri kuliko kulowea, hasa watu wa Pemba, Lamu na Mombasa, alilete tulipime.

Ni hayo tu kwa leo. Mkae salama.